Uchawi Usiolipiwa: Jibu kwa Mwandishi wa Wete

Swali

Assalamu alaykum Maalim. Mimi ni mwandishi, naishi Wete. Nimetoa riwaya mbili za fantasia. Visiwa vyake nimevibuni mwenyewe, lakini Mpemba yeyote akisoma anajua nimevitoa wapi. Katika dunia ile mganga hulipa: kila akitamka maneno ya nguvu, kumbukumbu moja ya maisha yake hufutika, na hachagui ipi. Kitabu cha kwanza kimetengenezewa filamu na watu kutoka Dar es Salaam, picha zikapigwa Ngezi na Vumawimbi. Wamenionyesha kabla haijatoka. Bahari inapendeza ajabu, na msichana aliyeigiza amenitoa machozi. Lakini bibi aliyemfundisha uganga amegeuzwa kijana wa kiume, Kipemba chote kimeondolewa, mwishoni msichana anamwangamiza adui kwa radi itokayo mikononi bila ya kusahau chochote, kisha anaolewa. Wananitaka niende Unguja siku ya uzinduzi nisimame niseme neno. Watu wananiambia nishukuru tu. Je, mtunzi aihukumu vipi filamu ya kitabu chake? Na hiki kinachoniuma ni haki, au ni wivu wa mzazi?

Jibu

Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na hilo ulilolitia mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Wivu wa mzazi haubagui. Mwenye wivu hukasirikia kilemba cha mwigizaji, hukasirikia rangi ya mashua, hukasirikia hata yaliyofanywa vizuri kwa kuwa hakuyafanya yeye. Wewe umeisifu bahari, umemsifu msichana, kisha ukataja mambo manne. Anayechagua la kulalamikia ameshaanza kuhukumu. Taabu yako ni kwamba hayo manne umeyapanga mstari mmoja kama kwamba yana uzito mmoja. Hayana. Moja ni zito sana, mawili yanataka mjadala, na moja ningekuwa wewe ningeliachia lipite.

Kwanza tukiondoe njiani kipimo kisichofaa, nacho ni kile cha kuuliza kimeachwa nini. Wasomaji wako watakitumia, wewe usikitumie. Riwaya ya kurasa mia tatu ukiisoma kwa sauti utatoka asubuhi ufike usiku hujaimaliza. Filamu ina saa moja na nusu, au mbili. Lazima vitu vife. Hapa kwetu tuna mfano wa karibu. Shafi Adam Shafi alitoa *Vuta N'kuvute* mwaka 1999, na Amil Shivji akaitengenezea filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Si fantasia, ni Unguja ya miaka ya 1950 chini ya ukoloni, lakini kazi ya kuhamisha ni ile ile. Riwaya ina watu wengi na mizunguko mingi. Filamu imeshika mapenzi ya Yasmin na Denge pamoja na harakati za kudai uhuru, na mengi mengine imeyaacha. Anayekaa mbele ya skrini na kitabu mapajani akihesabu kurasa zilizokosekana, filamu yenyewe haioni.

Wala kubadilishwa kwa hadithi si jambo la kigeni kwetu. Ile hadithi ya zimwi aliyemfungia binti ndani ya ngoma na kumtembeza mji kwa mji aimbe, kila bibi ana yake. Huyu anasema ngoma, yule anasema pipa; kwa huyu binti alisahau ushanga ufukweni, kwa yule alisahau kombe la pwani. Watoto hawalalamiki. Lakini sijamsikia bibi hata mmoja aliyemnyamazisha binti, kwa sababu sauti yake ndiyo inayowafanya watu wake wamtambue. Iondoe sauti, na hakuna tena hadithi. Imebaki habari ya zimwi mwenye ngoma. Wasimuliaji wetu, ambao wengi wao hawakusoma fasihi skuli, wanajua vizuri sana ni wapi pa kucheza na ni wapi pasipoguswa.

J.R.R. Tolkien, mtunzi Mwingereza wa fantasia, alilisema hilo kwa namna yake mwaka 1958, alipoletewa mpango wa filamu ya riwaya yake kubwa. Alijibu kwa barua ndefu ya ukosoaji. Unaweza kudhani alilalamikia kupunguzwa, kumbe alikuwa radhi matukio mazima yakatwe kuliko kubanwabanwa mpaka yakose maana. Kilichomkera ni kingine: kwamba filamu mbovu huharibika kwa kutia chumvi na kuingiza mambo yasiyohitajika, kwa kuwa mtengenezaji hakutambua kiini cha kazi ya asili kiko wapi. Basi kazi yako ya kwanza kama hakimu ni kukijua kiini cha kitabu chako mwenyewe. Usicheke. Watunzi wengi hawakijui mpaka wamwone mtu amekivunja.

Katika fantasia kiini kinakaa, mara nyingi zaidi kuliko si hivyo, kwenye sheria ya nguvu: nani anaweza, kwa njia gani, na kwa gharama ya nini. Anayeandika riwaya ya Darajani na Malindi haandiki sheria ya dunia, anaikuta. Msomaji anajua kwamba maji yanalowesha na deni linadaiwa. Wewe umeijenga sheria yako kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na kila uchungu na kila furaha iliyomo kitabuni imetundikwa juu yake. Filamu ikiivunja, haikuharibu kipande; imeondoa kilichokuwa kimebeba vipande vyote.

Sijui mtunzi aliyelipitia hili na kulieleza kwa uwazi kama Ursula K. Le Guin, Mmarekani aliyefariki mwaka 2018. Nitakaa naye kidogo, kwa sababu dunia yake na yako zinafanana mno: Earthsea ni visiwa vitupu, watu wanaishi kwa bahari na tanga, na mchawi wa huko huajiriwa chomboni ili aite upepo. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1968. Sheria ya dunia ile ni majina. Kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua ana mamlaka juu yake. Kwa hivyo mtu huficha jina lake la kweli na kutembea kwa jina la kuitwa. Shujaa wa kitabu watu humwita Sparrowhawk. Jina lake la kweli ni Ged, na hilo hulijua tu yule aliyeaminiwa kiasi cha kukabidhiwa uhai wa mwenzake. Urafiki wote wa vitabu vile umejengwa hapo. Rafiki akikwambia jina lake, amekupa kisu na kukuonyesha shingo.

Mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ikatoa filamu ya sehemu mbili kutoka kwenye vitabu hivyo. Wakayageuza majina. Ged likawa la kuitwa mbele za watu, Sparrowhawk likawa la siri. Asiyesoma atasema: haya, basi ni nini? Majina mawili yamebadilishana nafasi tu. Lakini tazama kilichofichuka. Aliyefanya vile hakuona kwamba majina yale ni sheria. Aliyaona kama mapambo, na mapambo hupangwa upendavyo. Kosa dogo la namna hiyo linakwambia kuhusu filamu nzima kuliko tukio kubwa lililokatwa. Unapoitazama filamu yako tena, tafuta vitu vya ukubwa huo. Ndivyo vinavyoonyesha kama aliyeandika skripti aliwahi kukaa ndani ya kitabu, au alikipitia akichukua alichokihitaji.

Miaka miwili baadaye, 2006, studio ya Ghibli ya Japani ikatoa filamu ya katuni kutoka kwenye Earthsea hiyo hiyo, mwongozaji akiwa Goro Miyazaki, mtoto wa Hayao Miyazaki, mwongozaji mashuhuri wa katuni. Hapa hukumu ya Le Guin inafundisha zaidi, kwa sababu filamu hii haikuwa ya kudharauliwa. Alisifu alichokiona kizuri, na alikisifu kwa kukitaja: sura ya mji, ulimaji wa shamba, uchotaji wa maji, mifugo kuingizwa zizini. Kisha akasema kilichomkwaza. Filamu inaanza na kijana kumchoma kisu baba yake mfalme, jambo ambalo kitabuni halimo, na hadithi haimpi mtazamaji sababu ya maana ya tendo zito kama lile. Na uovu wote ukarundikwa kwa mchawi mmoja, ambaye akifa mambo yanakwisha. Katika kitabu cha kwanza adui ni kivuli ambacho Ged mwenyewe alikitoa kwa kiburi chake, na mwisho hakiui. Anakiita kwa jina lake mwenyewe, anakubali kwamba ni yeye. Sasa mtu aliyeandika hivyo utamwonyeshaje uovu unaokwisha kwa kufa mtu mmoja, kisha utaraji aone dunia yake?

Sasa turudi Vumawimbi. Radi yako ni njia ya mkato ile ile. Nimekisoma kitabu chako cha kwanza, na ukurasa ulioniweka kitini ni ule ambao msichana anahesabu anachoweza kukipoteza, na hajui kama kitakachoondoka ni ladha ya embe au uso wa mama yake, na bado anafungua kinywa. Ushindi wake ni mzito kwa sababu hajui bei. Filamu imempa ushindi wa bure. Uchawi usiolipiwa si uchawi wa dunia yako hata kama umetamkwa na mtu mwenye jina la shujaa wako, ufukweni pa shujaa wako. Hili ndilo lile moja zito. Usikubali mtu akwambie ni suala la ladha.

Uwape haki yao, lakini. Kumbukumbu inayofutika iko ndani ya kichwa, na kamera haiingii kichwani. Kitabu kinasema kwa sentensi moja kwamba amesahau wimbo wa baba yake, basi msomaji akaumia. Filamu lazima kwanza ituonyeshe wimbo, tuupende, tukae nao, ndipo utoweke tuone kwamba umetoweka. Hiyo ni kazi ya dakika nyingi. Radi ni kazi ya kompyuta na sekunde tano. Nadhani ndivyo ilivyokuwa, wala sioni nia mbaya. Mtayarishaji anaogopa mtazamaji kuchoka, mwandishi wa skripti anatafuta kinachoonekana, na radi inaonekana.

Lakini kuonekana hakulazimishi kuvunja sheria. Diana Wynne Jones, Mwingereza, aliandika mwaka 1986 riwaya ya msichana aliyerogwa akawa kikongwe. Hayao Miyazaki akaitengenezea filamu mwaka 2004. Kitabuni tunaambiwa kwamba ule uchawi haumtoki kwa sababu msichana mwenyewe, moyoni, ameridhika kujificha ndani ya uzee. Ni jambo la ndani kama lako. Filamu ilifanya nini? Ikaufanya umri wake upande na kushuka mbele ya macho yetu: akiwa na ujasiri anakuwa kijana, akivunjika moyo makunyanzi yanarudi, na hakuna anayeeleza. Sheria imebaki pale pale, imehamia tu usoni. Filamu ile iliongeza pia vita vikubwa ambavyo kitabuni havimo kwa namna ile, na mtunzi hakukasirika. Alisema kwamba yeye na Miyazaki wote walikuwa watoto wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kila mmoja alitoka navyo kwa njia yake. Nakutajia hili ili usiwe hakimu wa kukataa kila nyongeza. Kuna nyongeza inayotoka kwa mtu aliyekisoma kitabu kwa maisha yake mwenyewe, na kuna nyongeza inayotoka kwenye mazoea ya sinema. Ya kwanza ipokee hata kama hukuiandika.

Kwa kipimo hicho tumpime kijana aliyechukua nafasi ya bibi. Swali la kuwauliza si kwa nini wamebadilisha, ni walimwona nini kijana huyo ambacho bibi hakuwa nacho. Kama jibu ni kwamba filamu inahitaji mwanamume wa kuolewa naye mwishoni, hayo ni mazoea, na yamelipwa kwa kitu cha thamani. Nguvu ya bibi kitabuni inatokana na hali yake: ameshasahau karibu kila kitu cha ujana wake. Ni kikongwe aliyelipa maisha yote. Msichana akimtazama anaiona bei ya kazi anayojifunza. Kijana wa miaka ishirini hawezi kuibeba bei hiyo usoni hata akiwa mwigizaji hodari. Kwa hivyo kosa hili la pili ni tawi la lile la kwanza: walipoiacha sheria, bibi akawa hana kazi, na mtu asiye na kazi kwenye skripti huondolewa.

Na kuna jambo jingine linaloandamana na hilo, ambalo mtu wa nje hatalihisi. Pemba inasifika kwa uganga mpaka sifa yenyewe imekuwa mzigo. Watu wanavuka bahari kuja kuutafuta, na hadithi zinazorudi Bara zimejaa vitisho. Kitabu chako kilifanya kitu adimu: kiliuonyesha uganga kama elimu, yenye ada na adabu na wakati wa kukataa. Bibi anamkatalia msichana mara nyingi kabla hajamfundisha neno moja. Tazama tena filamu uone kama uganga umebaki kuwa elimu au umekuwa moshi na macho mekundu. Ukikuta ni moshi, liandike hilo katika hukumu yako kwa herufi kubwa, kwa sababu linawagusa jirani zako, si wewe peke yako.

Sasa Kipemba. Najua watakwambia: watazamaji wa Bara hawataelewa. Sababu hiyo haina miguu. Watazamaji hao hao wamelelewa na filamu za Kihindi na tamthilia za Kikorea, wamezizoea sauti za wafasiri na maandishi chini ya picha, na hawakuwahi kukataa kulia kwa sababu mtu amelia kwa lugha nyingine. Le Guin alipigana vita vinavyofanana na hivi, kwa upande wa rangi. Watu wengi wa Earthsea ni weusi na wa hudhurungi. Ged ana ngozi ya wekundu wa hudhurungi, na mtunzi aliliamua hilo kwa makusudi wakati mashujaa wa fantasia huko kwao walikuwa weupe bila ya mtu kuuliza. Filamu ya 2004 ikamweka mzungu, na karibu wote waliomzunguka wakawa wazungu, isipokuwa Danny Glover aliyeigiza mwalimu wake. Le Guin aliandika makala mwaka huo huo akasema wazi kwamba wameipaka dunia yake chokaa. Alilichukulia hilo kama uharibifu wa kitabu, kwa sababu vijana waliokuwa wamejikuta humo kwa mara ya kwanza wamenyang'anywa.

Kwako wewe lahaja ndiyo ngozi. Visiwa umevibuni, lakini watu wanatambulika kwa wanavyosema, na maneno ya nguvu kitabuni yanatamkwa kwa lahaja ya bibi, ile ya kale, ambayo msichana kwanza anaionea haya mbele ya watoto wa mjini. Filamu imeichukua Ngezi, imeuchukua mchanga wa Vumawimbi, imeuacha ulimi. Mahali pamegeuzwa pazia la nyuma. Hata hivyo nakuomba utofautishe: mazungumzo ya sokoni kuwa kwa Kiswahili cha kila mtu ni hasara inayovumilika. Maneno ya uganga kutamkwa kwa Kiswahili cha redioni ni kuivunja sheria mara ya pili. Ukipata nafasi ya kudai kimoja, dai hicho.

Harusi iache. Inakuudhi kwa kuwa ni ya kawaida, lakini haivunji chochote, na nitakuonyesha hapa chini kwamba inaweza hata kukusaidia.

Kabla ya kuandika hukumu itazame filamu mara mbili. Mara ya kwanza umeshaitazama kama mama. Ya pili kaa na mtu asiyekisoma kitabu, usimwambie neno, na umtazame yeye zaidi kuliko skrini. Ikimalizika muulize: uchawi wa mle ndani unafanyaje kazi? Nani anaweza kuufanya? Unagharimu nini? Akishindwa kujibu, hukumu yako imepata shahidi asiye na wivu wa mzazi. Na usihukumu kwa ufukara wa picha. Mwaka 1980 kituo cha televisheni ya umma cha New York kilitengeneza filamu kutoka riwaya nyingine ya Le Guin, ya sayansi ya kubuni, kwa fedha kidogo sana. Mtunzi alishirikishwa, na aliipenda. Filamu nyingine ya riwaya hiyo, ya mwaka 2002, haikumfurahisha. Kamera ya bei ndogo haijawahi kumzuia mtu kuelewa kitabu.

Sasa la kufanya. Umesema wamekuonyesha kabla haijatoka. Basi mlango haujafungwa, na watunzi wengi wangetamani kuwa ulipo. Usipeleke orodha ya malalamiko, peleka pendekezo moja ambalo mhariri wa picha anaweza kulifanya. Mimi ningependekeza hivi: radi ibaki, harusi ibaki, lakini katikati ya harusi mama amwite msichana kwa jina la utotoni, naye asigeuke. Mama aite tena. Msichana amtazame kwa heshima ya mtu anayemtazama mgeni. Ni picha mbili tatu za siku moja, kama waigizaji bado wanapatikana. Sheria itakuwa imerudi, na radi ile ya bure itageuka kuwa na bei baada ya kwisha kutumika. La pili, maneno ya uganga yarekodiwe upya kwa sauti peke yake. Mtafute bibi mmoja wa Micheweni au Konde mwenye lugha yake, amfundishe mwigizaji kwa wiki moja. Hilo halihitaji kupiga picha upya. Yule bibi wa kitabuni hutaweza kumrudisha tena katika filamu hii, na ni afadhali ulijue mapema usipoteze nguvu hapo.

Wakikubali, utasimama kwenye uzinduzi kwa moyo mweupe. Wakikataa, bado unaweza kusimama, lakini chunga sana unalolisema. Le Guin alikuwa amejizuia kuisema filamu ya 2004 hadharani, mpaka mwongozaji alipotangaza kwamba filamu imetimiza alichokikusudia mtunzi. Hapo ndipo akajibu, kwa kuwa kunyamaza kungekuwa kutoa ushahidi. Na ile ya 2006, baada ya kuonyeshwa faraghani, alimjibu Goro Miyazaki kwa upole kwamba si kitabu chake, ni filamu yake Goro, na ni filamu nzuri. Neno lile la faragha likatangazwa kwa watu, naye akalazimika kueleza hukumu yake kamili, akasikitika kwamba maneno ya mlangoni yametolewa nje. Kwa hivyo chochote utakachokisema kwa adabu kwenye korido kihesabu kimeshachapishwa. Jukwaani msifu msichana kwa kutaja tukio alilokuliza. Msifu mpiga picha kwa bahari. Sema kwamba filamu ni kazi ya waongozaji wake na kitabu kinapatikana kwa anayetaka kuijua dunia ile kwa sheria zake. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalosema kwamba filamu ni tafsiri ya kitabu chako. Wakikuandikia hotuba wewe ukaisome, ikataeni, wewe na wakili wako.

Ndiyo, wakili. Angalia mkataba wako unasemaje kuhusu maneno yatakayotokea mwanzoni mwa filamu. Kuna tofauti kubwa baina ya "kutokana na riwaya ya" na "kwa kuvutiwa na riwaya ya", na ya pili inaweza kukufaa kama hawatabadilisha kitu. Michael Ende, Mjerumani, alipoona filamu ya mwaka 1984 iliyotoka kwenye riwaya yake ya fantasia, ambayo ilichukua kama nusu ya kwanza tu ya kitabu na kuuacha upande unaoipa maana, alitaka jina lake liondolewe, akenda mpaka mahakamani kuizuia, akashindwa. Alikuwa ameshatia saini. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania imo tangu 1994, unampa mtunzi haki ya kutambuliwa na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima, na Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 pamoja na ofisi ya COSOZA inayosimamia. Nenda ukawaone ukiwa Unguja, na uchukue mkataba wenyewe, si maelezo yake. Lakini kesi ni ndefu na ghali, na haki iliyoandikwa kabla ya kamera kuwashwa ina nguvu kuliko ile inayotafutwa baadaye.

Hapo ndipo kitabu chako cha pili kinapoingia, maana watakitaka. Le Guin aliitwa mshauri wa filamu ya 2004, na cheo kile kwenye mkataba hakikumpa nguvu yoyote. Mwandishi wa skripti aliyetajwa mwanzoni, ambaye ndiye aliyempa matumaini, hakubaki kwenye kazi. Kwa hivyo usipokee cheo. Dai kuisoma skripti kabla ya kupigwa picha na muda uliotajwa kwa siku wa kutoa maoni. Dai haki ya kukataa mabadiliko ya mambo machache utakayoyataja kwa majina, wala usitaje mengi, kwa sababu mtayarishaji akiona ishirini atakataa yote. Kisha andika ukurasa mmoja usiozidi: nani anaweza kuufanya uganga, kwa maneno ya lugha gani, na anapoteza nini kila mara. Uambatanishwe na mkataba, utiwe saini na pande zote mbili. Uandike sasa, kabla hawajakupigia simu, wakati filamu ya kwanza bado inakuuma na unakumbuka vizuri ni wapi.